Nimerudi kazini, mtoto hataki kikombe. Mliopitia hapa Kampala mlifanyaje?

NakawereWaKireka
Jumapili, saa 5:10 usiku

Wapendwa, poleni na majukumu. Mtoto yuko kifuani, simu naichapa kwa kidole gumba kimoja, herufi zikiruka mnisamehe.

Binti yangu ana wiki kumi na moja. Mimi ni karani wa stoo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Industrial Area. Uchungu ulinishika nikiwa nahesabu mabati, kwa hiyo likizo yangu ilianza siku ileile aliyozaliwa. Bosi akanihesabia siku 60 kwenye kalenda ya ukutani, Jumamosi zikiwemo, na Jumatatu iliyopita nikaripoti.

Naamka saa kumi na nusu alfajiri. Nanyonyesha, nakamua, naoga, nanyonyesha tena. Saa kumi na mbili na robo lazima niwe steji ya Kireka, maana ukichelewa dakika kumi tu jamu ya Banda hadi Nakawa inakula saa nzima. Jioni natoka saa kumi na moja, nafika saa moja. Mvua ikinyesha, saa mbili. Mume wangu ni dereva wa trela, Mombasa–Kampala. Mtoto anazaliwa, baba yuko Malaba kwenye foleni ya malori. Zile siku zake nne za ubaba alikuja kuzichukua wiki mbili baadaye, na moja aliilala yote. Simlaumu.

Yaya nimempata kupitia jirani, binti wa miaka ishirini na miwili kutoka upande wa Bugiri. Mkimya, msafi, hashindi kwenye simu. Namlipa laki moja na nusu. Yeye hana shida, shida ni huyu mdogo. Chupa hataki, kikombe hataki. Mchana kutwa anameza vijiko vitatu vinne, anatema, analia mpaka usingizi unambeba. Nikifungua mlango jioni ananing'ang'ania mpaka alfajiri. Juzi nimesinzia nimekaa juu ya katoni za misumari, mteja akaniamsha akiomba risiti.

Friji nayo si yangu. Ni ya jirani mwenye kiduka, anauza soda, barafu na bongo, yale maziwa ya mgando. Namchangia yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, elfu kumi kwa mwezi, na maziwa yangu yanakaa rafu ya chini, nimeyaandika kwa wino mwekundu SI YA KUUZA. Msicheke.

Nimwanzishie maziwa ya kopo? Niombe kuacha kazi? Au nina haraka tu?

Mama_Mitumba_Busia
Jumatatu, saa 12:40 asubuhi

Hongera dada kwa mtoto. Siku 60! Mimi nilijifungua Jumanne, na Jumanne iliyofuata nilikuwa nimeshatandika turubai sokoni. Mtoto kalala ndani ya belo la sweta lililofunguliwa nusu, wateja wanachagua pembeni yake. Mmoja alimnyanyulia kofia akiuliza bei, kumbe kichwa kimo ndani.

Sisemi ili kukuonea kijicho. Nataka ujue nani yuko kundi gani. Wangu hakujua kikombe kwa sababu alikuwa mgongoni kwangu, ziwa karibu saa zote, ila mwaka mzima alivuta moshi wa malori ya mpakani, na kikohozi chake nakijua kuliko jina lake. Wewe mtoto wako analala kitandani. Kila mtu na upande unaomuuma.

Kazi usiache bado.

Mzee_wa_Malaba
Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Zamani mambo haya hayakuwepo. Mama alibaki nyumbani na mtoto. Basi.

Mama_Mitumba_Busia
Jumatatu, saa 1:22 asubuhi

Mzee wangu, zamani hiyo mama alikuwa shambani na jembe kuanzia alfajiri. Huko nyumbani alibaki nani, kuku?

Ofisa_Mstaafu
Jumatatu, saa 3:05 asubuhi

Binti, nimefanya kazi ofisi za mambo ya ajira wilayani kwa muda mrefu, ngoja nikupe ninachokijua.

Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na angalau wiki nne kati ya hizo ziwe baada ya kujifungua. Hayo maneno mawili, "za kazi", ndiyo yanayowachanganya watu. Wa siku tano kwa wiki anakaa nyumbani wiki kumi na mbili. Wewe wa siku sita unakaa kumi. Siku ni zilezile, ila mwenzako mtoto wake anapata siku kumi na nne zaidi za kukaa na mamake. Kwa hilo bosi hajakuibia. Lakini itazame ile kalenda ya ukutani: sikukuu za serikali alizihesabu? Siku ya sikukuu si siku ya kazi.

La pili, likizo ya mwaka ni kitu kingine kabisa. Ni siku saba kwa kila miezi minne ya utumishi, yaani 21 kwa mwaka, na likizo ya uzazi haiigusi. Kama bado unayo, usiimalize kwa mkupuo. Iombe siku moja moja, katikati ya wiki, katika miezi hii mibaya.

La tatu, muda wa kukamua maziwa kazini. Sheria ile haikuutaja. Hapo unabaki na mdomo wako na karatasi. Andika barua fupi, omba dakika ishirini mara mbili kwa siku na chumba chenye mlango unaofungika. Barua inajibiwa. Ombi la mdomo linasahaulika mchana uleule.

Na wanaume wa humu: siku nne za baba ni za mara tu baada ya mama kujifungua, si za wiki mbili mbele. Ukizipoteza kwenye foleni Malaba, omba huruma ya mwajiri.

NakawereWaKireka
Jumatatu, saa 7:20 mchana

Mzee, Mungu akuzidishie. Nimeenda kutazama ile kalenda. Idi kaihesabu! Ina alama ya kalamu kabisa. Bosi kacheka, kasema siku yangu ipo, nitaje nitaichukua lini. Barua nimeiandika nyuma ya fomu ya kupokelea saruji, karatasi nyingine sikuwa nayo.

Mkunga_Mbale
Jumatatu, saa 2:50 usiku

Mama, huna haja ya kopo kwa sasa. Tuanze na hesabu. Mtoto wa umri huo anayenyonya tu hutumia kama mililita 30 kwa kila saa usiyokuwepo. Wewe hupo saa kumi na mbili, kumi na tatu. Basi acha mililita mia tatu na hamsini, mia nne hivi, kwenye vikombe vidogo vidogo, si chupa moja kubwa. Mtoto akishaweka mdomo, yanayobaki hayarudi rafuni.

Maziwa uliyokamua yanakaa saa nne nje ya friji kama chumba ni cha baridi kiasi. Stoo ya mabati saa nane mchana si chumba cha baridi, tafuta chombo cha barafu. Kwenye friji ni siku nne. Yakiganda na kuyeyuka, usiyagandishe tena. Usiyachemshe, weka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto mpaka baridi itoke.

Kumlisha: kikombe kidogo cha wazi, kile cha kahawa, ni bora kuliko chupa kwa sababu kinaoshwa chote. Mkalishe wima, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, maziwa yafike ukingoni tu. Usimmiminie. Atayalamba mwenyewe kama paka. Wewe usiwepo chumbani, akikunusa hatakubali mbadala. Yaya ajifunge kanga yako uliyolalia.

Huko kukesha usiku ni kawaida, watoto wengi wa mama wa kazini wanahamishia mlo wao usiku. Inachosha lakini si ugonjwa. Angalia nepi: sita au zaidi zenye mkojo kwa siku, mtoto anapata. Na wiki ya 14 utampeleka chanjo, mizani itasema.

Habooba_wa_Bombo
Jumatatu, saa 3:30 usiku

Mwanangu, salaam aleikum. Mjukuu wangu ndiye ananichapia. Sisi Wanubi mzazi hatoki ndani kabla ya arobaini, na siku zote hizo anakunywa uji wa wimbi mpaka auchukie. Wewe unakula nini saa sita mchana? Hujasema. Umetaja misumari, umetaja friji, umetaja bosi, chakula hukutaja.

NakawereWaKireka
Jumatatu, saa 3:41 usiku

Habooba, waaleikum salaam. Rolex moja, chapati na mayai, na soda.

Habooba_wa_Bombo
Jumatatu, saa 3:44 usiku

Ndiyo hayo sasa. Uchukue uji kwenye chupa ya chai.

Baba_Wawili_Lindo
Jumanne, saa 4:00 asubuhi

Mimi mlinzi wa usiku, Ntinda. Mke wangu anashona sare za shule, anatoka saa moja na dakika tano, mimi naingia saa moja kasoro. Tunapokezana mtoto langoni kama lindo: amekula, amekunya, nepi safi ziko wapi. Wa kwanza tulimlea hivyo, wa pili hivyo hivyo.

Wanaume wa uani walinipa jina, sitaliandika hapa. Kinachoniua ni usingizi. Nalala mtoto akilala, vipande vya dakika arobaini. Usiku nikisimama lindoni naziona nyota mbili mbili. Kuhusu kikombe, wangu alikataa siku tisa. Siku ya kumi nilikuwa nimechoka, nikakaa nje chini ya mwembe, redio inatangaza mpira, akanywa chote. Huenda ni mpira, sijui. Jaribuni nje ya nyumba.

NakawereWaKireka
Jumamosi, saa 4:15 usiku (wiki tatu baadaye)

Nimerudi, na nina fumbo.

Kazini mambo yamenyooka. Nimepewa stoo ya vigae saa nne na saa nane, ufunguo ninao mwenyewe. Uji nakunywa, Habooba. Nakamua hadi mililita mia tatu kwa siku.

Jana tulikwenda chanjo ya wiki ya 14. Mizani: kilo 6.2. Alizaliwa na 3.1. Nesi kampapasa mapaja akasema huyu anakula vizuri. Nikafurahi, halafu kwenye boda nikaanza kujiuliza.

Kikombe bado hataki. Maziwa yanarudi yalivyo. Yaya haniongopei, kila jioni ananionyesha vikombe: hiki kajaribu, hiki kakataa. Lakini mtoto halii tena mchana, jirani wa friji kaniambia siku hizi hata sauti haisikiki. Na usiku ananyonya mara mbili, analala. Wiki tatu zilizopita alikuwa ananimaliza.

Anakula nini huyu mtoto?

Mzee_wa_Malaba
Jumamosi, saa 4:30 usiku

Maziwa ya ng'ombe. Au wanampa maji ya sukari. Hao wasichana wa kazi nawajua.

Mkunga_Mbale
Jumamosi, saa 4:52 usiku

Maji ya sukari hayaongezi kilo namna hiyo. Choo chake kikoje?

NakawereWaKireka
Jumamosi, saa 4:55 usiku

Cha njano, laini, kama siku zote.

Mkunga_Mbale
Jumamosi, saa 4:57 usiku

Mh.

Mama_Mitumba_Busia
Jumamosi, saa 5:20 usiku

Dada, swali moja. Huyo yaya ana mtoto?

NakawereWaKireka
Jumamosi, saa 5:48 usiku

Sijui. Sikumuuliza. Jirani aliniambia tu hana mume.

NakawereWaKireka
Jumatano, saa 3:00 usiku

Leo niliichukua ile siku ya Idi. Sikusema nyumbani. Nilitoka saa kumi na mbili na robo kama kawaida, nikakaa kwa rafiki yangu Banda mpaka saa nne, nikarudi.

Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Yaya amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, mtoto wangu ananyonya kwake. Hakushtuka mara moja kwa sababu alikuwa amefumba macho. Mtoto ameshika kola ya blauzi yake, kile kimkono chake huwa kinashika kola yangu vilevile.

Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Alipofumbua macho aliniangalia tu, akamwacha mtoto amalize. Hilo ndilo lililonikata miguu. Hakumchomoa. Akamaliza, akamcheulisha, akanipa.

Nikamuuliza, una mtoto? Akasema ndiyo, wa kiume, mwaka mmoja na miezi minne, yuko kwa bibi yake Naluwerere, huko Bugiri. Alikuwa bado ananyonya siku aliyomwacha. Akasema: "Maziwa yalikuwa yananiuma, dada, na huyu alikuwa analia. Sikupanga." Hakuomba msamaha zaidi ya hapo. Akaingia ndani kufunga mfuko wake.

Nimemwambia asiondoke kwanza. Sina jingine nililomwambia. Mume wangu nimempigia yuko Voi, kanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

Nimekaa hapa. Msinihubirie.

Mzee_wa_Malaba
Jumatano, saa 3:08 usiku

Fukuza usiku huu huu! Maradhi hayo!

Mkunga_Mbale
Jumatano, saa 3:15 usiku

Mama, vuta pumzi. Kuhusu maradhi mzee hajakosea, kuhusu kufukuza kakosea kabisa. Ukimfukuza leo utapima nani kesho?

Virusi vya UKIMWI vinapita kwenye maziwa. Kesho asubuhi nendeni wote wawili kituo cha afya cha serikali, kipimo ni bure. Mweleze kwanza, akubali mwenyewe, nawe upime siku hiyohiyo ili asijione mshitakiwa. Kikitoka safi, arudie baada ya miezi mitatu, maana maambukizi mapya yanaweza yasionekane mapema. Katika muda huo asimnyonyeshe. Kikitoka vingine, mtoto ataanzishiwa dawa ya kinga na vipimo vyake, na hapo kila siku ina thamani. Ndiyo maana nasema kesho, si Jumatatu.

Muulize pia kama ana kadi. Akiwa na mtoto wa umri huo alipimwa akiwa na mimba.

Baba_Wawili_Lindo
Jumatano, saa 3:40 usiku

Niko lindoni. Nimesoma mara mbili. Dada pole. Na huyo binti naye pole.

Habooba_wa_Bombo
Jumatano, saa 4:10 usiku

Mwanangu, mimi nililea hivyo. Bombo ya utotoni kwetu mama mmoja akienda matangani, mwenzake anachukua watoto wote wawili, ziwa huku na ziwa huku. Haya ya vipimo ni ya kweli, mfuateni mkunga. Lakini lipo la pili ambalo hakuna atakayekuambia.

Kwetu Waislamu, mtoto akinyonya kwa mwanamke kabla hajafikisha miaka miwili, yule ni mama yake wa ziwa. Kwa wanaomfuata Imamu Shafii ni manyonyesho matano yaliyotimia. Wako keshapita matano, keshapita na hamsini. Basi yule mvulana wa Naluwerere ni kaka yake. Hawaoani. Andika mahali watu wasije wakasahau. Najua ndoa mbili zilizovunjwa kwa sababu hakuna aliyeandika.

Mama_Mitumba_Busia
Jumatano, saa 4:18 usiku

Habooba, watoto hawajui hata kukaa, sisi tayari tunavunja harusi 😂

Dada Kireka, nakuuliza kama mtu aliyelea mgongoni. Kilichokuuma leo ni maradhi au ni kingine?

NakawereWaKireka
Alhamisi, saa 12:05 alfajiri

Sikulala, nitakujibu kweli. Maradhi niliyawaza baadaye, Mkunga aliponikumbusha. Pale mlangoni niliona wivu. Mwezi mzima nakamua maziwa kwenye stoo ya vigae nikimwonea mtoto huruma, kumbe yeye hana njaa. Mwenye kiu ni mwingine, yuko Naluwerere, na mamake anamlinda wangu kwa laki moja na nusu.

Sasa hivi anafua nepi. Nimemwambia tunakwenda kituoni saa mbili. Akasema sawa.

NakawereWaKireka
Alhamisi, saa 9:30 mchana

Tumepima. Sote safi. Atarudia baada ya miezi mitatu.

Kadi alikuwa nayo, tena si yake tu. Alifungua mfuko, kwenye plastiki kulikuwa na kadi yake ya kliniki na kadi ya chanjo ya mwanawe. Mtoto kamwacha kijijini, kadi kaja nayo Kampala. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ina uzito wake ulioandikwa kila mwezi, anaisoma usiku.

Mkunga_Mbale
Alhamisi, saa 10:02 jioni

Alhamdulillahi. Ila hiyo kadi ikae na mtoto! Miezi 18 ana chanjo ya pili ya surua na rubela, na bibi bila kadi atarudishwa nyumbani au atababaisha tarehe.

Ofisa_Mstaafu
Alhamisi, saa 1:45 usiku

Nimefuatilia kimya. Nina neno moja la ofisini. Huyo binti naye ni mfanyakazi. Mlikubaliana siku ya mapumziko? Anastahili likizo? Mwezi uliopita ulinisoma ukaenda kuidai Idi yako kwa bosi. Idi hiyo yeye alipumzika?

NakawereWaKireka
Alhamisi, saa 2:20 usiku

Hapana, mzee. Siku ya Idi nilimfanya apike pilau.

Mama_Mitumba_Busia
Alhamisi, saa 2:23 usiku

Mzee leo umeamua kuua.

Mzee_wa_Malaba
Alhamisi, saa 2:50 usiku

Mimi niliposema fukuza nilisema kwa hasira. Nimelea wajukuu wanne. Mama yao yuko Dubai, analea watoto wa watu. Mdogo akiona picha yake kwenye simu anamwita shangazi.

Basi.

Baba_Wawili_Lindo
Alhamisi, saa 3:30 usiku

Pole mzee.

NakawereWaKireka
Jumapili, saa 2:40 usiku (siku kumi baadaye)

Wengi mmeniandikia pembeni mkiuliza iliishaje.

Mume wangu alipita Naluwerere akitoka Malaba, madereva husimama pale kula. Akamtafuta bibi. Anachoma mahindi kando ya barabara, mjukuu kamfunga kamba ya kanga kiunoni asiingie lami. Akatuma picha. Yaya aliiangalia, akaniomba simu, akaenda nayo uani. Nilimwachia mpaka chaji ikaisha.

Tumekaa tukaongea, sisi watatu, mume wangu kwenye spika. Bibi amechoka na mgongo, mtoto anazidi kukimbia, lami iko palepale. Nyumba yetu ni muzigo, yaani ya kupanga, wa vyumba viwili, mnazijua. Nilipiga hesabu za kulipia deikea ya binti yangu karibu na kazini: laki mbili na nusu, na nauli, na mtoto wa miezi minne kwenye teksi alfajiri. Hesabu haikukubali. Hesabu ya kumleta mvulana ilikubali, ila wivu wangu ulichukua siku tatu zaidi. Wivu hauna kalkuleta.

Mshahara nimeongeza elfu thelathini, zaidi siwezi mpaka Januari. Jumapili ni yake, leo ndiyo ya pili. Sikukuu pia, mzee Ofisa, nimeandika kwenye kalenda yetu ya ukutani kwa wino mwekundu.

Mvulana kafika Alhamisi, kaletwa na bibi kwa basi dogo la Iganga. Anaitwa Eria. Nilidhani atamrukia mamake. Hakumrukia. Alijificha nyuma ya gauni la gomesi la bibi, akamchungulia kama anayemfahamu mahali lakini hajui wapi. Mama Eria (siku hizi namwita hivyo, na majirani wote wameanza) hakumvuta. Alikaa chini kwenye mkeka, akaanza kumenya ndizi, kimya. Dakika ishirini. Akasogea mwenyewe, akachukua ndizi, hakuchukua mkono. Usiku alilala na bibi. Kufika Ijumaa usiku nikamsikia anacheka kule chumbani kwao.

Binti yangu sasa ana kikombe au hana kitu, kwa sababu ziwa la mchana limefungwa mpaka kipimo cha pili. Siku mbili za kwanza ilikuwa vita. Nilirudi nikakuta macho ya wote wawili mekundu. Tukajaribu ushauri wa Baba Wawili, nje, kivulini, redio imewashwa. Alilamba kidogo, akatema, akalamba. Jana mililita sitini. Leo Jumapili niko nyumbani, hatuhesabu.

Ila jana kuna jambo. Saa tisa, Mama Eria ananisimulia, kikombe cha pili binti alikikataa, akakiweka juu ya stuli akaenda kumbadilisha nepi. Kugeuka, Eria amesimama pale, kikombe kakiinamisha kwa mikono miwili, anamalizia. Akajifuta mdomo, akasema kitoto kwamba anataka tena.

Habooba_wa_Bombo
Jumapili, saa 2:58 usiku

Umehesabu mara ngapi?

NakawereWaKireka
Jumapili, saa 3:01 usiku

Mara moja, Habooba. Lakini anajua friji ya jirani iko wapi.